Nafuu ya kodi kwa mpangaji nchini Ayalandi: si mkopo, na wala si hisani

Dada mmoja anayefanya kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba ya matunzo huko Drogheda, Ayalandi, ametuandikia barua ndefu ambayo ninaifupisha hapa kwa idhini yake. Alifika kutoka Mombasa mwanzoni mwa Oktoba 2023, akapanga chumba kwa bibi mmoja mwenyeji aliyekuwa akiishi humo humo, akimlipa euro 500 taslimu kila mwezi. Tangu Februari 2024 anaishi na wenzake wawili wa kazini katika nyumba ya euro 2,100 kwa mwezi. Majina yote matatu yamo kwenye mkataba, lakini ni mwenzao mmoja anayekusanya fedha na kumtumia dalali, kwa kuwa mwenye nyumba anaishi London. Mshahara wake ulikuwa euro 27,000 kwa mwaka alipofika, na tangu Januari 2024 ni euro 30,000. Amesikia kwamba serikali inatoa kile ambacho wenzake wanakiita “mkopo wa kodi” kwa wapangaji, naye anauliza: je, ni mkopo kweli, utakaodaiwa siku za mbele? Ikiwa si mkopo, anastahili kiasi gani? Dalali anakataa kumpa namba ya usajili wa nyumba na amedokeza kwamba anayedai atapandishiwa bei, afanyeje? Na mwisho, je, kodi ya nyumba anayomlipia mama yake kule Kisauni inaweza kuingizwa kwenye hesabu hiyo?

Dada yangu, nianze na neno, kwa sababu nusu ya hofu yako imetokana na neno. Kiswahili chetu kinatumia “kodi” kwa mambo mawili: ile anayolipwa mwenye nyumba, na ile inayolipwa serikalini, ambayo ninyi wa Kenya aghalabu mnaiita ushuru. Ili tusichanganyikiwe, katika jibu hili fedha za mwenye nyumba nitaziita pango, na neno kodi nitaliacha libaki kwa serikali. Ama huo “mkopo wa kodi”, huo ni tafsiri iliyokosewa na mtu aliyeliona neno la Kiingereza “credit” akakumbuka benki. Hakuna anayekukopesha chochote. Kinachozungumzwa ni nafuu, yaani kiasi ambacho serikali inakiondoa kwenye kodi yako ya mapato baada ya kodi hiyo kuwa imekwisha kupigiwa hesabu.

Jambo hili si geni kwako hata kidogo. Ulipokuwa ukifanya kazi Kenya, hati yako ya mshahara ilikuwa na mstari wa nafuu ya mtu binafsi, shilingi 2,400 kwa mwezi, ambazo zilitolewa kwenye PAYE yenyewe na si kwenye mshahara. Hukuwahi kuambiwa uzirudishe, kwa sababu zilikuwa fedha zako ambazo serikali iliamua kutozichukua. Nafuu ya wapangaji ya Ayalandi inafanya kazi kwa namna ile ile, ila hii haiji yenyewe: usipoidai hupewi, na mwajiri wako hana wajibu wa kukukumbusha. Kutokana na maelezo hayo unapata kanuni ambayo itakuongoza katika kila swali lililobaki, nayo ni kwamba mtu hawezi kurudishiwa kodi ambayo hakuilipa. Ikiwa mwaka fulani kodi yako ya mapato ilikuwa sifuri, nafuu ya mwaka huo ni sifuri pia, hata kama ulilipa pango la maelfu. Vilevile haigusi makato mengine mawili unayoyaona kwenye hati ya mshahara, USC (tozo ya jumla juu ya mapato) na PRSI (mchango wa bima ya jamii). Hayo yanabaki kama yalivyo.

Nafuu hii ilianzishwa kwa sheria ya fedha ya mwaka 2022, na ilianza kutumika kwa pango lililolipwa mwaka huo huo. Ayalandi iliwahi kuwa na nafuu ya namna hiyo zamani, lakini ilifungiwa wapangaji wapya mwezi Desemba 2010 na ikamalizika kabisa mwaka 2017, ndiyo maana baadhi ya wenyeji wa muda mrefu watakuambia kwa uhakika mkubwa kwamba “mambo hayo yalishafutwa”. Hayakufutwa; yalirudi. Kiwango chake ni asilimia 20 ya pango ulilolipa katika mwaka, lakini kuna kikomo. Kwa mwaka 2022 na 2023 kikomo kilikuwa euro 500 kwa mtu mmoja, na euro 1,000 kwa wanandoa wanaotozwa kodi kwa pamoja. Kuanzia mwaka 2024 kikomo kilipanda hadi euro 1,000 kwa mtu mmoja na euro 2,000 kwa wanandoa hao, na bajeti iliyosomwa Oktoba 2025 imeurefusha mpango huu hadi mwisho wa 2028. Maana yake ni kwamba mtu mmoja akishalipa pango la euro 5,000 ndani ya mwaka amefika kikomo, na kila euro anayolipa juu ya hapo haimwongezei kitu.

Sasa tuzitazame namba zako mwenyewe, mwaka mmoja mmoja, na nitauanza wa 2024 kwa sababu ndio ulio mwepesi. Tangu Februari hadi Desemba ni miezi kumi na mmoja, na sehemu yako ya pango ni euro 700 kwa mwezi, kwa hiyo ulilipa euro 7,700. Asilimia 20 yake ni euro 1,540, ambayo inapita kikomo, basi nafuu yako ni euro 1,000 kamili. Je, ulilipa kodi ya kutosha kurudishiwa kiasi hicho? Mshahara wa euro 30,000 wote unatozwa kwa kiwango cha asilimia 20, yaani euro 6,000. Ukiondoa nafuu ya mtu binafsi na ile ya mwajiriwa, ambazo mwaka huo zilikuwa euro 1,875 kila moja, kodi iliyobaki ni euro 2,250. Kwa hiyo ipo nafasi ya kutosha, na ukidai utarudishiwa euro 1,000. Mwaka 2025 nafuu hizo mbili zilipanda hadi euro 2,000 kila moja, kodi yako ikashuka hadi euro 2,000, na pango lako la miezi kumi na miwili likawa euro 8,400. Hapo napo unastahili euro 1,000 kamili. Kwa miaka hiyo miwili, basi, kuna euro 2,000 ambazo ni zako na zimekaa hazina ya nchi nyingine zikikusubiri. Hesabu hii inachukulia kwamba huna makato mengine yanayopunguza kodi, kama mchango wa pensheni. Ukiwa nayo, kodi itakuwa ndogo kidogo, lakini bado itaizidi nafuu yenyewe.

Mwaka 2023 ndio unaowakosesha watu usingizi bure. Ulilipa pango la miezi mitatu, euro 1,500, na asilimia 20 yake ni euro 300, chini ya kikomo cha mwaka huo. Karatasini inaonekana kana kwamba una euro 300 za kudai. Lakini kwa miezi hiyo mitatu ulipata mshahara wa euro 6,750 tu, ambao kodi yake ni euro 1,350, na nafuu zako mbili za kawaida kwa mwaka 2023 zilikuwa euro 3,550 kwa jumla. Mtu aliyehamia Ayalandi katikati ya mwaka akiwa na nia ya kuendelea kuishi huko mwaka unaofuata hupewa nafuu hizo kwa mwaka mzima, si kwa miezi aliyofanya kazi peke yake. Kodi yako halali ya 2023 ilikuwa sifuri, na nafuu ya pango haina pa kushika. Hata hivyo nakusihi uufungue mwaka huo na kuukagua, kwa sababu nyingine kabisa: watu wengi wanaofika wapya hukatwa kodi ya dharura katika wiki za mwanzo, kabla namba yao ya PPS, yaani namba ya utambulisho ya mtu mbele ya serikali, haijatolewa au kazi yao haijaandikishwa katika mamlaka ya mapato. Ikiwa ulikatwa nawe hukurekebishiwa kabla ya Desemba, fedha hizo zote zinarudi, na huenda zikawa nyingi kuliko hizo 300 ulizokuwa ukizifikiria.

Kuhusu mwenzenu anayekusanya fedha na kumtumia dalali, utaratibu huo hauna ubaya mbele ya sheria, lakini una mtego mmoja. Kila mpangaji anadai kwa kiasi alicholipa yeye mwenyewe, si kwa kiasi kilichopita kwenye akaunti yake. Mwenzenu akiangalia taarifa yake ya benki ataona euro 25,200 zimetoka kwa mwaka, na anaweza kudhani kwamba zote ni zake. Kwa bahati, kikomo cha euro 1,000 kinamzuia asifaidike na kosa hilo, lakini dai lenye namba zisizolingana na za wenzake wawili wa anwani hiyo hiyo linaweza kuibua maswali. Kaeni siku moja mkubaliane: watatu, euro 700 kila mmoja, tarehe zile zile za kuanza. Wewe hifadhi taarifa za benki zinazoonyesha euro 700 zikienda kwa mwenzako kila mwezi, na kama hamkuwa mkiandika maneno ya maelezo kwenye miamala hiyo, anzeni sasa kuandika “pango” na jina la mwezi. Kumbuka pia kwamba amana mliyoweka mlipoingia si pango, na haihesabiwi.

Wengi huuliza hapo kuhusu wapenzi wanaoishi pamoja. Wasiofunga ndoa ni watu wawili mbele ya mamlaka ya mapato, kila mmoja na dai lake na kikomo chake cha euro 1,000. Waliofunga ndoa na wanaotozwa kwa pamoja wana kikomo kimoja cha euro 2,000, na ili wakifikie ni lazima pango lao la mwaka liwe euro 10,000 au zaidi.

Nije sasa kwa dalali, ambaye kwa kweli ndiye aliyenifanya nikujibu kwa urefu huu, kwa sababu vitisho vya namna hiyo vinawanyima watu haki yao kila mwaka. Namba anayokunyima ni ya usajili katika bodi inayosimamia upangaji wa makazi, Residential Tenancies Board, inayojulikana kwa kifupi kama RTB. Sheria inamtaka mwenye nyumba asajili upangaji ndani ya mwezi mmoja tangu uanze, na tangu Aprili 2022 anatakiwa kuusajili upya kila mwaka. Wajibu huo ni wake yeye, si wako. Daftari la bodi liko wazi kwenye mtandao, na unaweza kuitafuta anwani yenu mwenyewe bila kumwomba mtu. Ukiikosa, iandikie bodi, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kumfuatilia. Na hata ikibainika kwamba nyumba haikusajiliwa, uzembe wa mwenye nyumba peke yake si sababu ya kumnyima mpangaji nafuu yake. Jaza dai lako kwa taarifa ulizonazo: anwani kamili pamoja na msimbo wake wa posta (Eircode), jina la mwenye nyumba, tarehe mliyoanza kupanga na kiasi ulicholipa.

Jambo ambalo dalali hakukuambia ni kwamba huhitaji ruhusa yake. Hati ya dai haina mahali pa saini ya mwenye nyumba, wala hapigiwi simu kuulizwa kama anaafiki. Ni kweli kwamba jina lake na anwani ya nyumba vinabaki kwenye kumbukumbu za mamlaka ya mapato, na mwenye nyumba asiyetangaza mapato yake ana sababu ya kulichukia jambo hilo. Lakini deni hilo ni kati yake na serikali. Kuna wenye nyumba wanaojaribu kununua ukimya wa mpangaji kwa kumpunguzia euro 20 au 30 kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe uone nani anayefaidi: euro 30 kwa miezi kumi na miwili ni 360, nawe umeziacha euro 1,000, tena umejiingiza katika siri ya mtu mwingine na mtoza kodi wake.

Ama kuhusu kupandishiwa pango, tishio hilo ni dogo kuliko linavyosikika. Tangu tarehe 20 Juni 2025 nchi nzima ya Ayalandi imewekwa chini ya ukomo wa upandishaji, na kwa mkataba kama wenu ongezeko la mwaka haliruhusiwi kuzidi asilimia 2, au kiwango cha mfumuko wa bei ikiwa kiko chini ya hapo. Kwa nyumba ya euro 2,100, asilimia 2 ni euro 42 kwa mwezi, ambazo mkizigawana watatu ni euro 14 kila mmoja. Ongezeko lazima liletwe kwa notisi ya maandishi ya siku 90, na pango halipitiwi upya zaidi ya mara moja katika miezi kumi na miwili. Kwa maneno mengine, atakachoweza kupandisha ataweza kukipandisha hata ukinyamaza. Na baada ya mpangaji kukaa miezi sita, hawezi kuondolewa ila kwa sababu zilizoorodheshwa katika sheria. Kudai nafuu ya kodi si mojawapo.

Umetaja kwamba mwenye nyumba anaishi London, na hapo kuna jambo ambalo hukuniuliza lakini ni la lazima ulijue. Mpangaji anayemlipa moja kwa moja mwenye nyumba asiyeishi Ayalandi anatakiwa na sheria kuzuia asilimia 20 ya pango na kuipeleka mwenyewe kwa mamlaka ya mapato. Ni kodi ya zuio, jina ambalo wafanyabiashara wa Tanzania wanalijua vizuri mno. Utaratibu wake ulifanywa upya Julai 2023 ili mpangaji aweze kuutekeleza kwenye mtandao. Ninyi mnamlipa dalali aliyeko Ayalandi, na dalali anayepokea pango kwa niaba ya mwenye nyumba ndiye anayebeba mzigo huo, kwa hiyo mko salama. Lakini siku atakayowaambia “kuanzia mwezi ujao mtumieni mwenyewe kwenye akaunti yake”, msikubali kabla hamjauliza mamlaka ya mapato, kwa sababu kodi isiyozuiwa inaweza kuja kudaiwa kwenu.

Bibi yule wa kwanza, uliyekuwa ukimlipa taslimu bila risiti, unaweza kumwacha apumzike. Chumba katika nyumba anamoishi mwenyewe kinastahili nafuu hii, na upangaji wa namna hiyo hausajiliwi na bodi, lakini kama ulivyoona, kwa mwaka 2023 huna kodi ya kurudishiwa, na kwa mwaka 2024 zile euro 500 za Januari ziko juu ya pango ambalo tayari limevuka euro 5,000. Sioni faida ya kumgongea mlango mtu mzima umwombe risiti ambazo hazitakuletea hata senti. Laiti ungekuwa bado unaishi kwake, ningekushauri umweleze kwa upole kwamba mwenye nyumba anayepangisha chumba katika makazi yake hatozwi kodi ya mapato ikiwa anachopokea hakizidi euro 14,000 kwa mwaka, mradi anakitangaza. Kwa euro 500 kwa mwezi yeye hafiki hata nusu. Wazee wengi hukataa kuandika risiti kwa kuogopa kodi ambayo haipo. Na kwa wale wanaopanga nyumba nzima na kulipa taslimu, mwenye nyumba anawajibika kisheria kuwapa kitabu cha pango cha kuandikia malipo, kidaini.

Kuna wasiostahili, nami nitawapitia haraka kwa faida ya wasomaji wengine. Anayeishi katika nyumba ya halmashauri au ya shirika la makazi lililoidhinishwa na serikali hastahili, wala anayesaidiwa pango na serikali kupitia mpango wa HAP, RAS au ruzuku ya pango. Mtoto hawezi kudai kwa pango analomlipa mzazi wake, wala mzazi kwa analomlipa mwanawe. Ndugu wa namna nyingine, kwa mfano anayepanga kwa shangazi au kaka, anaweza, lakini kwake yeye usajili wa bodi ni sharti lisilokwepeka. Mzazi anayemlipia mwanawe pango la chuo anaweza kudai pia, iwe ni nyumba au chumba katika makazi ya familia nyingine, ilimradi kozi ni ile iliyoidhinishwa, na mtoto alikuwa hajafikisha miaka 23 mwanzoni mwa mwaka alioanza kozi kwa mara ya kwanza. Dai hilo halimpi mzazi kikomo cha pili. Likijumlishwa na pango lake mwenyewe bado ni euro 1,000 zile zile.

Kuhusu nyumba ya mama Kisauni, jibu ni hapana, na najua si ulilotaka kusikia. Nafuu inahusu makazi yaliyoko ndani ya Ayalandi tu. Kumtunza mzazi ni jambo la kusifiwa, na pango lake ni halali kabisa, lakini ukiliandika katika dai lako utakuwa umetoa taarifa isiyo sahihi, na mamlaka inaweza kukutoza faini na riba juu ya fedha ulizorudishiwa. Kwa vyovyote, kikomo chako umeshakifikia kwa nyumba ya Drogheda peke yake, kwa hiyo hupotezi chochote.

Namna ya kudai haina ugumu. Unaingia katika myAccount, akaunti yako katika tovuti ya Revenue, ambayo ndiyo mamlaka ya mapato ya huko. Unaweza kuingia kwa namba ya PPS na nywila, au kwa MyGovID iliyothibitishwa, yaani akaunti ya utambulisho ya serikali ya mtandaoni. Katika huduma za walioajiriwa kuna sehemu ya kukagua kodi ya miaka minne iliyopita. Unachagua mwaka, unaomba taarifa rasmi ya kodi yako, unafungua fomu ya marejesho ya mapato, na ukifika kwenye ukurasa wa nafuu unatafuta kundi linalohusu wewe na familia yako. Humo ndimo nafuu ya pango ilimo. Kila mwaka una fomu yake, kwa hiyo utajaza mara tatu: 2023 kwa ajili ya kodi ya dharura, kisha 2024, kisha 2025. Usichanganye pango la mwaka mmoja na mwingine kwa kisingizio cha kurahisisha kazi. Hakikisha akaunti ya benki iliyoandikwa ni yako na bado inafanya kazi, maana fedha zitaingizwa humo. Anayefanya biashara yake mwenyewe na kujitathmini kodi hatumii njia hii; yeye anadai katika Fomu 11.

Hutakiwi kupeleka nyaraka siku unayojaza, lakini unaweza kuitwa baadaye kuthibitisha, na sheria inakutaka uzihifadhi kwa miaka sita: mkataba wenye majina yenu matatu, taarifa za benki, na ujumbe wowote wa dalali unaotaja kiasi cha pango. Zipige picha na kuziweka mahali pengine mbali na simu yako, kwa sababu simu hupotea kabla ya miaka sita. Kuna kampuni zinazotangaza kukudaia fedha hizi kisha kujikatia asilimia ya zitakachopata. Sizilaumu, lakini kwa mtu mwenye mwajiri mmoja na nyumba moja kama wewe, ni kumlipa mtu akufungulie mlango ambao haukufungwa.

Muda nao unahesabiwa. Dai la mwaka wowote linakufa likipita miaka minne baada ya mwaka huo kwisha: la 2022 mwisho wake ni tarehe 31 Desemba 2026, la 2023 ni mwisho wa 2027, na la 2024 ni mwisho wa 2028. Wewe una nafasi, lakini ikiwa miongoni mwa wenzako yuko aliyefika kabla yako na alifanya kazi mwaka mzima wa 2022 akilipa pango, mwambie leo usiku mkiwa zamu, kwa sababu euro 500 zake za mwaka huo hazitakuwepo ifikapo Januari 2027.